Vibanio Vinne

"Mkeka huu haujalaliwa na mtu," alisema Mastura. "Sasa wa kwanza kuulalia ndio vyuma vyako?"

Dadi Likwata alikuwa amechuchumaa uani kando ya pikipiki yake, spana mkononi, jasho likimtiririka kidevuni. Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, mjini Kilwa Kivinje, mwaka wa tano tangu vita vya Wazungu viishe. Jumatatu saa mbili asubuhi pikipiki hiyo ilitakiwa isimame mbele ya boma, iwashwe, na iende.

"Ule wa zamani una matundu," Dadi alisema. "Nati ikipenya pale imeingia mchangani, na mchanga wa uani kwetu unaujua mwenyewe."

"Tandika gunia."

"Gunia lina nyuzi. Kitu kidogo kikijisokota humo hukioni tena. Siku mbili tu, Mama Tawakali. Jumapili nakurudishia mkeka wako kama ulivyonipa."

Mastura alimtazama mumewe, akautazama mkeka. Alikuwa anausuka tangu mfungo sita, na ndani yake alikuwa ametia kili za ukindu wa rangi, nyekundu, nyeusi na zambarau. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, miguu imemvimba, na mabishano aliyaona kama mzigo mwingine wa kuni. "Haya," alisema. "Lakini humo hakiwekwi kitu ambacho hakijafutwa."

Barua ya boma ilikuwa imekuja juma lililopita. Alitakiwa mtu mwenye chombo chake mwenyewe, apeleke mfuko wa barua na sanduku la dawa Mitole na Likawage mara mbili kwa juma, kwa mshahara wa mwezi. Karani Kornelio, aliyeileta, alisimama mlangoni akaeleza kwa sauti ya kusikika nyumba tatu kwamba chombo kitakaguliwa, na kisipokwenda hakuna maneno. Kabla barua hiyo haijafika Dadi alikuwa ameshaandikisha jina kwa wakala wa mashamba ya mkonge ya Lindi, na lori la wakala lilikuwa linaondoka Jumanne alfajiri. Kwa hiyo njia zilikuwa mbili tu: pikipiki iende Jumatatu, au Dadi apande lori Jumanne.

Mara ya mwisho alikwenda mkonge kwa miezi sita, ikawa kumi na mmoja. Aliporudi, binti yao Tawakali, aliyemwacha na miaka miwili, alijificha nyuma ya kanga ya mama yake, akauliza yule mtu atalala kwao mpaka lini. Watu walicheka. Dadi naye alicheka, kisha akaenda chooni akakaa huko muda mrefu.

Injini ilikuwa imejaa masizi. Kwenye tambarare ilikwenda, lakini ikiona kilima kidogo tu ilikohoa na kuzima, na njia ya Likawage ina vilima. Dawa yake ni kufungua kichwa cha injini, kutoa vali, kukwangua kila kitu na kurudisha. Dadi aliijua kazi hiyo tangu alipokuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza. Jeshini walimfundisha kutandika turubai na kupanga kila boliti kwa zamu ya kutoka kwake, ya mwisho kutoka iwe ya kwanza kurudi. Turubai hakuwa nalo, ila mkeka wa Mastura ulikuwa na rangi, na Mastura ndiye aliyeiona faida yake. Alikuja kulalamika akaishia kupanga.

"Hizi nane za kichwa weka kwenye wekundu," alisema. "Hizo parafujo za kabureta, kwenye weusi. Za tangi na za kiti, zambarau. Ukichanganya, shauri yako."

"Mimi nichanganye? Nani fundi hapa?"

"Fundi ni wewe. Mkeka ni wangu."

Basi kila Dadi alipofungua kitu alikitaja, na Mastura akakipokea, akakifuta kwa kitambaa chenye petroli, akakilaza mahali pake. Hakuna tone la mafuta lililogusa mkeka. Mwisho walipohesabu walipata vyuma vidogo arobaini na tatu, na kila mmoja akarudia hesabu kwa sauti ili mwenzake aisikie. Vya mwisho kabisa kutoka vilikuwa vibanio vinne vya vali, vipande vya chuma visivyozidi punje ya mtama. Vidogo hivyo ndivyo vinavyoishika vali isichomoke, na vipya vyake havikupatikana Kilwa wala Lindi. Ilikuwa uagize Dar es Salaam na ungoje meli.

Dadi alikuwa bado anaviangalia kiganjani wakati kuku wa jirani alipopanda mkekani akadonoa washa ya shaba. Mastura alimkurupusha kuku, washa ikadondoka. Kisha alikwenda ndani, akarudi na sindano yake ya kushonea mikeka, akailegeza taraza, ule ukingo ulioshonwa kuzunguka mkeka, akavisukumia vibanio humo kimoja kimoja, akaikaza tena.

"Nimevitia kwenye taraza, pembe ya huku," alisema. "Kuku na avitafute sasa."

"Keya walikuwa na maofisa wangapi," alisema Dadi, "na hakuna aliyefikiria hivyo." Alikuwa anamtania, lakini pia alimaanisha, na Mastura alijua, akafurahi.

*

Jumamosi asubuhi Dadi alizifunga vali mbili katika kitambaa akaenda nazo upande wa pili wa mji, kwa Lukas, dereva wa lori la tajiri mmoja, aliyekuwa na unga wa kusagia vali. Mastura naye alichukua ndoo na mtoto, akaenda kisimani. Uani ukabaki mkeka na vyuma vyake, juu ya mkeka chandarua kikuukuu.

Kabla ya adhuhuri Mzee Mfaume, fundi wa makubadhi, nyumba ya tatu kutoka kwao, aliinama kuokota nyundo yake ndogo hakuinuka tena. Alikuwa amekufa kabla mkewe, Bi Ziada, hajafika mlangoni.

Mtaa ule mtu akifa hakuna kubisha hodi. Kilio kikisikika, wanawake huingia nyumba yoyote wakachukua mikeka, majamvi, mabeseni na masufuria, mwenye nyumba awepo asiwepo. Akiwepo husaidia kubeba. Kuuliza vitarudi lini ni kukosa adabu, na hakuna aliyewahi kuuliza. Upande huo aliyepita kukusanya alikuwa Samia, mwanamke kijana mwenye haraka na moyo mzuri. Alipofunua chandarua uani kwa Dadi aliona kitu ambacho nyumba nyingine zote hazikuwa nacho, mkeka mpya usiolaliwa.

Hakuvimwaga vyuma. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye wako waliomlaumu. Alileta bakuli, akakusanya kila kilichokuwa juu ya mkeka, akalifunika kwa ungo, na juu ya ungo akaweka jiwe kwa sababu ya kuku. Kisha akaukung'uta mkeka mara mbili, akaukunja, akaenda nao.

Dadi aliporudi na vali zake zinang'aa alikuta bakuli. Habari za msiba alikuwa amezisikia njiani, akajua mara moja mkeka ulikokwenda. Alikaa chini, akahesabu polepole, akapata thelathini na tisa. Mpangilio ulikuwa umekwenda, lakini huo aliweza kuurudisha, boliti anazijua kwa urefu na kwa meno yake. Alihesabu mara ya pili ingawa alijua vinne vilipo.

Mastura aliingia na ndoo kichwani, Tawakali nyuma yake. "Mkeka uko wapi?"

"Msibani."

"Msiba wa nani?"

"Mzee Mfaume hatunaye."

Mastura alitua ndoo, maji yakamwagika nusu. Alilia palepale amesimama, maana Mzee Mfaume ndiye aliyemshonea makubadhi ya harusi, na kila Idi alimpa Tawakali kipande cha ngozi laini cha kuchezea. Lakini katikati ya kilio chake akili ikakimbilia kwenye taraza, na akaona aibu kwamba imekimbilia huko. Alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Vimo ndani yake," alisema.

"Vimo."

"Nakwenda mimi. Wewe ukiingia kwa wanawake watasemaje?"

*

Nyumba ya Bi Ziada ilikuwa imejaa mpaka ukumbini. Mastura aliingia akilia pamoja na wenziwe, akakaa na wenziwe, akawapa pole waliostahili pole. Kisha alianza kujisogeza. Aliinua pembe ya mkeka aliokalia, akaipapasa. Akasogea mwingine. Tumbo lilimzuia kuinama, ikabidi atambae kwa magoti, mkono mmoja chini ya mapaja ya watu.

"Unatafuta nini, mwanangu?" aliuliza bibi mmoja mnene aliyekuwa amekalia pembe mbili kwa mpigo.

Mastura hakuwa na uongo tayari, akashika wa kwanza uliopita. "Kipini changu cha pua, bibi. Kimedondoka."

"Masikini! Inukeni jamani, kipini cha Mastura kimeanguka."

Wanawake watano wakainuka. Mikeka ikafunuliwa, mmoja akaanza kupekua mchanga wa mlangoni kwa vidole, mwingine akasema vipini vya siku hizi havikazwi vizuri. Hata waliokuwa wakilia walinyamaza kidogo wakaangalia chini ya miguu yao. Mastura alitambaa nao, uso unamwaka moto, mpaka yule bibi alipomshika kidevu akamgeuzia mwangani.

"Lakini kipini si hicho hapo puani?"

Mtu mmoja alikohoa. Mastura alijishika pua, akasema, "Alhamdulillahi," na hakuna aliyecheka kwa kuwa ilikuwa msibani, ila aliona kwamba wangecheka baadaye, wakiwa makwao.

Samia alimfuata alipotoka nje. "Dada Mastura, pole. Na ahsante kwa mkeka. Hamkuwepo, nikauchukua."

"Uko wapi, Samia? Humo ndani sikuuona."

"Huo hauwezi kukaliwa! Bi Ziada mwenyewe kauchagua. Alisema mumewe hakupata kulala pazuri maisha yake yote, basi alale pazuri leo. Umekwenda na wanaume, wa kutandika kaburini juu ya viunza." Samia alimshika mkono. "Mungu atakulipa."

Mastura alimwambia Dadi habari hiyo akiwa upande mmoja wa ua wa makuti na yeye upande wa pili, kwa maneno manne. Mastura alisikia hatua zake zikienda mbio kuelekea makaburini.

*

Kaburi lilikuwa tayari, na chini yake mwanandani, kile kishimo chembamba cha kumlaza maiti. Salumu, mdogo wake marehemu, alikuwa ameshavua koti ili ashuke. Alihitajiwa mtu wa pili. Kwa desturi huwa ni ndugu, lakini ndugu wengine walikuwa wazee.

"Nitashuka mimi," alisema Dadi.

Wazee walimtazama kwa heshima. Mmoja alimpiga bega.

Walimpokea Mzee Mfaume mikononi, mwepesi kuliko walivyotazamia, wakamlaza, wakamgeuza kuelekea Kibla. Juu watu wanne walikuwa wameshika shuka kuziba mwanga, kwa hiyo huku chini palikuwa na kiza na joto. Wakapokea viunza, ubao mmoja baada ya mwingine, wakafunika mwanandani. Kisha mkeka ukateremshwa, na Dadi akanyoosha mikono yote miwili akaupokea yeye.

Vidole vyake vilianza kazi kabla haujafika magotini. Ukingo wa kwanza ulikuwa laini. Akaugeuza. Kwenye ukingo wa pili, karibu na pembe, kidole gumba kiligusa kimoja, kisha cha pili, cha tatu, cha nne. Vilikuwa vimelala kwa mstari, kama Mastura alivyovitia. Kwa muda mfupi Dadi alifurahi kiasi cha kutaka kucheka, kaburini, miguu yake ikiwa pande mbili za mtu aliyemwamkia kila asubuhi.

Alitia kucha. Taraza haikulegea, maana Mastura hashoni ovyo. Bila sindano kazi hiyo ingetaka dakika mbili, pengine tatu. Si kitu, dakika tatu. Lakini mtu akisimama kaburini dakika tatu anachokonoa mkeka wa maiti, mji mzima utakuwa na habari kabla ya magharibi. Pikipiki yake watu walikuwa wanaisema tangu siku aliyoinunua. Wangesema sasa kwamba Dadi Likwata alimzuilia Mzee Mfaume mchanga kwa ajili ya nati.

"Vuta kwako, Dadi," alisema Salumu kutoka upande wa pili. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Salumu."

"Naam."

Neno lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Lilikuwa neno dogo, kuna vyuma vyangu humu, ningoje kidogo. Salumu aliinua uso wake uliojaa vumbi na machozi, akangoja kuambiwa.

"Pole, ndugu yangu," alisema Dadi.

"Tumeshapoa."

Wakautandika mkeka juu ya viunza, wakausawazisha pembe zote nne. Wakapandishwa juu. Mchanga ukaanza kuingia, majembe matano kwa pamoja, na Dadi naye akashika jembe.

Waliosimulia baadaye walisema alitoka kaburini macho mekundu kuliko ya Salumu, na wakamsifu. Mimi simsifu. Hakuuacha mkeka kwa ucha Mungu, aliuacha kwa kuogopa midomo ya watu, na woga huo tunao wengi. Sisi wengine haujatugharimu bado, ndiyo tofauti.

*

Jua lilikuwa halijatua aliporudi nyumbani. Mastura alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi hana nazi mkononi.

"Umevipata?"

"Hapana."

"Walikuwa wameshafukia?"

Angeweza kusema ndiyo, na mambo yangeishia hapo. "Hapana. Nilishuka mimi. Nilivishika."

"Vingapi?"

"Vyote vinne."

"Ulivishika, ukaviacha."

"Salumu alikuwa analia. Watu wako juu, sheikh anasoma. Ningesemaje?"

"Ungesema! Mimi nimetambaa na tumbo hili mbele ya wanawake wa mtaa mzima, nimeonekana mwizi, nimeonekana mwehu. Mimi niliweza. Wewe mdomo wako ulikuwa na kazi gani?" Alitaka kuendelea, maneno alikuwa nayo mengi, lakini pumzi ilimwishia. "Na niliyevitia humo ni mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Ningeacha kuku ale kimoja, leo tungekuwa na vitatu."

"Usijilaumu, Mastura."

"Nimlaumu nani? Maiti?"

Dadi alikaa karibu naye, akamwondolea mbuzi, akakuna nazi yeye. Alikuwa bado anakuna Tawakali alipokuja kuuliza kama leo hawali.

*

Jumapili kutwa Dadi alikata njiti ya gurudumu la baiskeli, akavipiga tupa vipande vinne mpaka vikafanana na vibanio. Havikuwa chuma cha namna moja, yeye alijua. Alirudisha kila kitu mahali pake, thelathini na tisa na hivyo vinne vya uongo, bila mkeka, Mastura akimkabidhi kutoka bakulini bila kutaja hesabu. Alasiri pikipiki iliwaka. Majirani walichungulia juu ya ua wakasema mashaallah, na Mastura, ambaye hakutaka kutumaini, alitumaini.

Jumatatu saa mbili Dadi alifika boma amevaa shati jeupe. Bwana, yule Mzungu mkuu wa boma, alitoka na kikombe cha chai mkononi, akaizunguka pikipiki, akamwambia azunguke mlingoti wa bendera mara mbili. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri, hata Bwana alitikisa kichwa kwa kuridhika akageuka kusema kitu na Kornelio. Katika wa pili kitu kiligonga ndani ya injini mara tatu, tena kwa nguvu, kisha kimya. Dadi aliipiga teke. Akaipiga tena. Alipiga teke mpaka shati likamganda mgongoni, na askari wa zamu wakaanza kuangalia viatu vyao kwa haya.

"Bwana anasema basi, inatosha," alisema Kornelio.

"Mwambie anipe majuma mawili. Ni vitu vinne vidogo tu, nitaagiza Dar es Salaam."

Kornelio alimwambia. Bwana alijibu kwa maneno machache, si kwa ubaya.

"Anasema wagonjwa wa Likawage hawawezi kungoja majuma mawili."

Kazi alipewa mtu wa Mitole mwenye baiskeli. Alikuwa amesimama pale tangu asubuhi, suruali yake ameifunga kwa kamba vifundoni isiingie kwenye mnyororo. Alikuwa mtu mwema. Alipoona Dadi anahangaika na mwinuko, alilaza baiskeli yake akamsaidia kusukuma mpaka sokoni, na njia nzima alimwuliza maswali kuhusu vilima vya Likawage. Dadi alimjibu yote. Alimwambia hata mahali pa kupata maji safi.

*

Hitma ya Mzee Mfaume ilisomwa Jumanne, ili kumngoja binti yake aliyekuwa ameolewa Kinjumbi. Mastura alikwenda, maana asingekwenda wangeuliza. Dadi alikuwa amekwisha kuondoka. Alfajiri alimbusu Tawakali akiwa usingizini, akasimama mlangoni akamwambia Mastura asiuze kitu, hata washa moja, kisha akatembea kwenda kwenye lori.

Wanaume walisoma barazani, wanawake wako uani wakichambua mchele wakisikiliza. Dua ilikuwa ndefu. Sheikh alimwombea marehemu, akawaombea wazazi wa marehemu, akawaombea waliochimba na waliobeba. Kisha akasema, "Na ndugu yetu Dadi bin Likwata na ahali yake, waliomsitiri mja wako kwa mkeka wao uliokuwa bora kuliko yote waliyokuwa nayo, ewe Mola, wasitiri na wao duniani na akhera."

"Amina," wakaitika wanaume.

Wanawake waliacha mchele wakamgeukia Mastura, wanatabasamu, wakingoja aitike. Bibi yule mnene alimpapasa goti.

"Amina," alisema Mastura.

Baadaye akaitwa chumbani kwa Bi Ziada, aliyekuwa amekaa eda, amejitanda kaniki, mgongo ukutani. Mastura alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akavutwa mkono akaketishwa karibu.

"Mumeo simsikii huko nje. Hakuja kusikia dua yake?"

"Kapanda lori la mkonge, bibi. Alfajiri."

"Lori la mkonge?" Bi Ziada alishangaa. "Si mlikuwa mnangoja kazi ya boma? Marehemu alikuwa akinipa habari za hiyo pikipiki kila siku, mpaka nikachoka nayo."

Mastura alikuwa amejiapiza kutosema. Alikuwa amelinyamazia jambo hilo siku tatu, na siku tatu zilitosha. Alisema yote, bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kisimani. Vibanio, kuku, taraza, Samia, kipini cha pua.

"Vilikuwa ndani ya mkeka ule?"

"Ndani ya ukingo wake, bibi."

"Na Dadi alipokuwa huko chini alijua?"

"Alivishika kwa mkono."

"Mbona hakusema?"

"Aliona aibu."

"Aibu ya nani?"

Mastura aliinamisha kichwa. "Yenu," alisema. "Msiba ni wenu. Aliona mtasema amemzuilia marehemu mchanga."

Mastura alijiweka tayari kukemewa, na laiti angekemewa, maana lililokuja lilimuuma zaidi.

"Yetu?" alisema yule mjane. "Mwanangu, Salumu angeupandisha mkeka juu, wangevitoa, wangeutandika tena. Mimi ningewapelekea sindano yangu mwenyewe kwa mbio. Mfaume alikuwa ameshakufa. Alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Machozi ambayo hayakumtoka Mastura Jumamosi jioni, wala Jumatatu, wala alfajiri ile mlangoni, yalimtoka sasa, na Bi Ziada akamwacha alie.

"Lori limefika wapi saa hizi?" aliuliza baadaye.

"Litakuwa limeshavuka mto Mbwemkuru."

Bi Ziada alitikisa kichwa. Hakuuachia mkono wa Mastura, na wakakaa hivyo mpaka Samia alipoingia na sinia la chakula.